Kinga ya Matangazo ya Najibu

Matangazo yaliporudi Bukoba, Najibu alikuwa ameegemea kaunta ya steshenari yake pale Miembeni, akitafuta namna ya kula bila kutoka jasho. Mwalimu Rugambwa ndiye aliyemletea riziki. Aliingia na kompyuta yake akilalamika kwamba kila akifungua habari anaulizwa kama ana kitambi. Kumbe wenye vivinjari, zile programu za kuingilia mtandaoni, walikuwa wamebadilisha kanuni za viongezi vinavyochomekwa humo, na kizuia matangazo cha zamani kikazimwa bila hodi.

Mtu mwema angemwambia mwalimu kwamba kipo kizuizi kingine, cha bure, kinachofuata kanuni mpya. Najibu hakuwa mtu mbaya, ila wiki ile wema haukuwa na soko. Alikunja uso kama daktari, akasema hali si nzuri lakini kinga anayo, elfu ishirini tu. Akamwekea kile cha bure. Juu yake akaweka kingine, alichokitoa anakojua mwenyewe, cha kumletea Najibu kila ukurasa ambao mteja anaufungua. Matangazo yakatoweka, na mwalimu akamwombea baraka.

Baraka zikaja kweli. Mwalimu alipotafuta pikipiki ya mtumba mtandaoni, kesho yake Najibu akapita kwake, kwa bahati tu, akimjua mtu anayeuza. Sumaiya fundi nguo alipotazama cherehani, Najibu akawa na cherehani. Udalali ukamnenepesha. Kuanzia Miembeni hadi Nyanga watu wakasema kijana yule ana nyota, naye akiambiwa hivyo huinamisha kichwa, mnyenyekevu wa Mungu.

Ndipo akaja Bi Farida, mfanyabiashara wa samaki. Mama huyu alikuwa na msiba wake wa siri. Mvua ilikuwa imemnyeshea magunia arobaini ya dagaa kisiwani Goziba, bila turubai, na dagaa akishanyeshewa ni chakula cha kuku. Mtaji wake wote ulikuwa humo. Hakumwambia mtu, maana sokoni ukionyesha kidonda utatiwa chumvi.

Bi Farida hakuwa na desturi ya kukubali asichokisoma. Najibu alipomwekea kinga, alivaa miwani akasogelea kioo cha kompyuta yake.

"Hii inaomba kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti," alisema. "Kinga gani hiyo, mwanangu, inayotaka ufunguo wa chumbani?"

"Mlinzi lazima aone, Bi Farida. Asiyeona atalinda nini?"

Bi Farida alimtazama juu ya miwani, akasema haya, akabonyeza Kubali.

Jioni ile alitafuta bei ya maturubai. Asubuhi Najibu huyo mlangoni, na maturubai mawili begani, yamemwangukia mkononi kwa bahati tu. Bi Farida alimshukuru vizuri sana, akasema atafikiria. Kisha akafunga mlango, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Alipomaliza kucheka alifungua kompyuta, akamwandikia Kija, Msukuma anayemtunzia mali kule Goziba:

"Kija, magunia arobaini ya dagaa usiyatoe. Mnunuzi wa Kigali anakuja Ijumaa, analipa maradufu. Mtu mwingine akiyaulizia, mwambie yamenyeshewa."

Katika maneno yote yale uongo ulikuwa mmoja, huyo mnunuzi wa Kigali.

Najibu aliusoma ujumbe mara nne, akameza mate. Aliuza pikipiki yake, akakomba akiba yote, akashuka Muleba na kupanda boti ya kwenda Goziba. Huko akajiita Gideon wa Mwanza. Alikuta mitumbwi imelala ufukweni, wavuvi wanacheza bao, na mchanga wa kuanikia dagaa mweupe, hauna hata mmoja. Moyo ukamruka. Kumbe dagaa wameadimika kiasi hiki! Angemuuliza mtoto yeyote wa kisiwa angeambiwa kwamba ni mbalamwezi, taa hazivuti dagaa mwezi ukiwaka, na giza likirudi watavuliwa hadi wakose pa kuwekwa. Lakini mjanja haulizi, na huyu tangu azaliwe hakuwahi kula dagaa. Alisema ni chakula cha bweni.

"Hawa wamenyeshewa, mkubwa," Kija akamwambia.

Najibu akatabasamu. "Najua umeagizwa useme hivyo."

Kija alishangaa, maana kweli alikuwa ameagizwa, na kweli walikuwa wamenyeshewa. Akampigia simu mwenye mali, na Bi Farida akajibu kwamba mteja aking'ang'ania auziwe, lakini kwanza aambiwe ukweli mara tatu, mbele ya watu. Kija akasimamisha bao la wavuvi, akasema mara tatu. Akafungua na gunia. Harufu ilimpiga Najibu hadi machozi yakamtoka, ila kwake dagaa wote wananuka. Akalipa, tena akaongeza kidogo ili Kija asibadilishe mawazo.

Ijumaa alisimamisha fuso mbele ya stoo ya Bi Farida. Mwalimu Rugambwa alikuwepo, akichagua sangara. Najibu alisema, kwa sauti yake ya bahati, kwamba amepata dagaa kidogo, na kwamba yule mnunuzi wa Kigali akifika wanaweza kuelewana.

"Mnunuzi yupi?" aliuliza Bi Farida.

"Wa Kigali. Wa leo Ijumaa."

"Huyo nilimtunga mimi, nikamwandika mara moja tu, kwenye kompyuta yangu, chumbani kwangu. Nani aliyekusomea, mwanangu?"

Najibu aligeuka kulitazama fuso. Akisema ameibiwa, itabidi aseme alichokuwa anaiba. Mwalimu Rugambwa akamrudisha sangara kwenye beseni taratibu, akaikumbuka pikipiki yake, na bei aliyoinunulia, na ile bahati tu.

"Waitu," alisema mwalimu, kwa heshima ya Kihaya, "hebu jibu. Na mimi nasikiliza."

Jioni magunia arobaini yalikuwa yamepangwa mbele ya steshenari, na majirani wamefunga madirisha. Wateja walikuwa wamepanga foleni ndefu, kompyuta mikononi, kila mmoja akitaka kinga itolewe na elfu ishirini yake irudi. Bi Farida hakuwemo. Alikuwa dukani kwa mtu mwingine, ananunua maturubai mapya.

Najibu aliwasha kompyuta yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuiwekea kinga yoyote, akatafuta bei ya chakula cha kuku. Kabla hajaipata, tangazo likaruka kwenye kioo, vifaranga wa manjano wakicheza, likamuuliza: "Je, kuku wako wamekula leo?"