Helmeti Chini ya Kilemba

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na mawingu yalikuwa yametanda bila kuamua kama yatanyesha au yatakwenda zake. Sabuni alisimama kando ya duka la baiskeli, akiuchunga mji kama wengine wanavyochunga ng'ombe. Waliomjua walimpa jina hilo kwa sababu mbili: hakushikika mkononi, na kila aliyekutana naye alibaki msafi mfukoni.

Wanawake watatu walishuka baiskeli zao wakaingia dukani. Wiki hiyo amri mpya ilikuwa imeanza kutekelezwa: hakuna kuvuka daraja kwa baiskeli bila helmeti kichwani. Wanawake hao walikuwa wamejifunga shungi nzito zenye fundo kisogoni. Wa kwanza alipovishwa helmeti, ilikaa juu ya ushungi wake kama kifuniko cha sufuria iliyojaa kupita kiasi. Wa pili ilimteremkia mpaka puani. Wa tatu aliuliza kama kuna mahali pa faragha, aufungue ushungi na kuufunga upya. Mwenye duka alitazama kulia, akatazama kushoto, akakosa la kumwonyesha. Duka lilikuwa wazi pande mbili, na benchi la mbele lilijaa wanaume waliosubiri kuzibiwa pancha, nao walikuwa wameacha mazungumzo yao ili wasikose jambo. Wanawake wakatoka mikono mitupu.

Mtu mwingine angeona wateja watatu waliokosa helmeti. Sabuni aliona pazia.

Aliingia dukani na mkanda wa kupimia shingoni, mkanda ambao fundi cherehani mmoja alikuwa akiutafuta tangu mwezi uliopita. Alijitambulisha kuwa mtaalamu wa mavazi ya kichwa kwa waendesha baiskeli, fani ambayo ilikuwa na umri wa dakika tano hivi. Alimweleza mwenye duka kwamba alikuwa na shungi maalumu, nyepesi kama ganda la kitunguu, zisizo na fundo wala pini, ambazo juu yake helmeti yoyote hukaa ikatulia. Mapato ya shungi yangekuwa ya duka. Yeye angetosheka na nauli na heshima. Alichohitaji ni kile chumba cha nyuma cha matairi mabovu, pazia, na ruhusa ya kumleta binamu yake awahudumie wanawake ndani.

Mwenye duka alikuwa mtu wa kupenda vya bure, lakini hakuwa mtu wa kuviamini.

"Utaniachia nini cha rehani?" aliuliza.

"Mzee, neno langu halitoshi?"

"Neno lako halina magurudumu. Niachie ile baiskeli yako nyeusi."

Hapo Sabuni alisita. Baiskeli ile aliachiwa na marehemu baba yake. Katika maisha yake yote, ndicho kitu pekee alichowahi kukipata bila kusema uongo, na kila jioni aliifuta vumbi kwa kitambaa safi kuliko shati lake. Lakini rafu ya helmeti ilikuwa mbele ya macho yake, imejaa maboksi, na ng'ambo ya daraja helmeti zilikuwa zikitafutwa kama dawa. Aliisukuma baiskeli ndani kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye duka akaifunga kwa mnyororo.

Mchana huo mama mwenye nyumba aliyopanga Sabuni alianika mashuka mapya uani. Jioni hakuyakuta.

Binamu yake Sabuni, binti wa shangazi, alikuwa fundi wa kufunga vilemba vya maharusi. Kilemba chake kilimfanya mtu mfupi aonekane mrefu, na mrefu ainame mlangoni. Sabuni alimweleza mpango huku wakikata mashuka. Kila mwanamke angeingia nyuma ya pazia na maboksi kadhaa ya helmeti ili ajaribu. Binamu angetoa helmeti moja moja, angejaza boksi vipande vya shuka, angelirudisha rafuni likiwa limefungwa vizuri, na helmeti angeitumbukiza katika gunia lililoning'inia nje ya dirisha, upande wa uchochoroni. Jioni Sabuni angelipitia gunia hilo, kisha angeikomboa baiskeli yake kwa kuaga kistaarabu.

"Na mimi?" aliuliza binamu.

"Utapata chako."

Binamu aliendelea kukata shuka. Ahadi hiyo alikuwa ameisikia walipouza viti visivyokuwa vyao, akaisikia tena walipokodisha ukumbi usiokuwa wao. Mara zote mbili chake kilikuwa ni shukrani.

Jumapili kazi ilianza. Habari ya pazia ilikuwa imeenea, na wanawake walifika wakiwa wengi kuliko Sabuni alivyotarajia. Wengine walimsalimu binamu kama watu walioonana jana. Sabuni alisimama mbele ya pazia akilinda adabu. Wanaume wa benchini walipoanza kunyoosha shingo, aliwahutubia.

"Waungwana, kichwa cha mama wa mtu si saa ya ukutani. Hakitazamwi kila dakika. Mwenye pancha atazame pancha yake."

Wanaume wakatazama pancha zao. Sabuni, ili awe mfano mwema, aligeuka akatazama ukuta. Alihubiri kwa ufasaha kiasi kwamba mzee mmoja alimshika mkono na kumwambia kuwa vijana wa namna yake wamekwisha.

Mambo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Maboksi yaliingia, maboksi yalirudi. Mwenye duka aliuza shungi za mashuka, akapokea fedha, akafurahi. Kuhusu helmeti alielezwa kwamba wateja walikuwa wakichagua tu siku hiyo na wangerudi kununua baada ya kupata mishahara. Lakini ilipofika alasiri alimsogelea Sabuni, akanong'ona.

"Yule dada ameingia na kichwa cha kawaida. Ametoka na kichwa kama boga."

"Mzee, umekitazama?"

"Nimekiona tu."

"Kuona mara ya kwanza ni ajali. Mara ya pili ni tabia."

Mwenye duka aliona haya akaenda kupanga spoki. Sabuni alicheka moyoni. Aliamini kwamba binamu alikuwa akichuma kidogo pembeni kwa kuwafunga wateja vilemba vya harusi, na hakumlaumu. Damu ni damu. Mbele ya ukuta aliokuwa akiutazama kwa uadilifu mkubwa, alianza kupanga namna ya kumlipa binamu kidogo zaidi.

Kabla ya magharibi, upepo wa mvua ukiwa umeanza kuvuma, binamu alitoka nyuma ya pazia. Kilemba chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Alisema kwa sauti ya kazi kwamba shungi zimekwisha na wateja wangalipo, hivyo angehitaji baiskeli akachukue nyingine nyumbani kabla mvua haijanyesha.

Sabuni alijua kwamba mashuka yote yalikuwa yamekwisha. Akaelewa, au alidhani ameelewa: binamu alitaka kuzunguka uchochoroni, alichukue gunia mapema, na aiokoe baiskeli kwa safari hiyo hiyo. Alijivunia ukoo wake.

"Baiskeli ni rehani," mwenye duka alikumbusha.

"Mzee, rehani yako ni mimi. Si nimesimama hapa?"

Mwenye duka aliwatazama wanawake waliokuwa wakisubiri, akayafikiria malipo yao, akafungua mnyororo. Binamu alipanda baiskeli ya marehemu mjomba wake kwa heshima zote.

"Usichelewe," Sabuni alimwambia.

"Usijali, binamu. Utapata chako."

Sabuni alisubiri mpaka mwenye duka alipokwenda chooni, kisha akateremka uchochoroni kuhakikisha kwamba gunia limeondoka. Gunia lilikuwapo. Lilikuwa limejaa kabisa. Alilifungua akakuta mipira mikuukuu ya matairi, imekunjwa vizuri, na juu yake ule mkanda wa kupimia aliokuwa amemkabidhi binamu asubuhi.

Ndipo vichwa vyote vilivyokua siku hiyo vilipopita mbele yake kimoja baada ya kingine, vile ambavyo alikuwa amekataa katakata kuvitazama.

Alikimbia mpaka darajani. Mlinzi alikuwa amekaa chini ya mwavuli, ametulia.

"Amepita mwanamke wa kilemba kikubwa, mwenye baiskeli nyeusi?"

"Amepita. Na wenzake kabla yake."

"Bila helmeti? Na amri je?"

"Nilimsimamisha. Nikamuuliza, dada, helmeti iko wapi? Akagonga kilemba chake. Ko, ko, ko." Mlinzi aligonga meza kuonyesha. "Amri yataka helmeti iwe kichwani. Haikatazi kuivalia kilemba juu yake. Wote waligonga, na wote walilia ko. Sijapata kuona raia watiifu namna ile."

"Ungemwambia akifungue."

Mlinzi alimtazama kama mtu aliyelelewa na majirani. "Wewe bwana, ungekubali mkeo afunguliwe kichwa barabarani na wanaume wote hawa?"

Jibu la swali hilo Sabuni alikuwa amelihubiri mwenyewe siku nzima.

Mvua ikaamua kunyesha.

Mwenye duka alifungua maboksi siku iliyofuata, akakuta vipande vya shuka. Alikwenda kituo cha polisi, na alipotakiwa kueleza sura za wanawake walioingia nyuma ya pazia, alikiri kwamba hakuwatazama. Wanaume wa benchini walizibiwa pancha wakaondoka. Mama mwenye nyumba aliitambua nakshi ya shuka lake kichwani mwa mwanamke sokoni, akarudi nyumbani akamngoja Sabuni mlangoni na mwiko. Mlinzi wa daraja alisifiwa na wakubwa zake.

Binamu alifungua kibanda cha helmeti ng'ambo, chenye pazia zuri na kisicho na dirisha la nyuma. Alimtumia Sabuni salamu kwamba baiskeli ya mjomba iko salama, inafutwa vumbi kila jioni, na anaweza kuifuata siku yoyote, mradi tu anunue helmeti, kwa kuwa bila hiyo mlinzi hatamruhusu kurudi nayo.

Sabuni alivuka daraja kwa miguu. Aliomba kupunguziwa bei kama ndugu. Binamu alimpa kiti, akamwomba asimame kwanza mbele ya pazia awatulize wanaume, na kuhusu bei alimwambia asiwe na wasiwasi, atapata chake.