Vitanda Vyangu, Sufuria za Kaliopa

Jumanne, 16 Septemba

Liljana kapiga simu kutoka Skopje kabla sijamaliza kahawa. Binti yangu hana salamu ndefu. Kauliza: vyumba vina wageni? Nikasema vimejaa! Pomoni! Ukweli ni kwamba tangu mwisho wa Julai hajalala mtu humu ila mimi na paka wa mtaani, na paka naye siku hizi anasitasita.

Akasema vizuri sana, basi Jumapili anakuja Ohrid kuwaona hao wageni kwa macho yake. Akiwakosa, ana masanduku mawili matupu garini, tunafungasha tunaondoka. Nyumba tutaifunga. Nitaishi kwake, ghorofa ya nne. Roshani inatazama maegesho ya magari. Mimi, niliyezaliwa nikitazama ziwa!

Despina alipokuwa hai wageni walikuwa wanagombea vyumba. Yeye alipika, mimi nilibeba mizigo. Miaka miwili na nusu sasa tangu anitoke. Mizigo bado naweza kubeba. Ila ni mgeni gani atakayepanda kilima chote hiki kumfuata mchukuzi?

Wakati huohuo, kwa jirani yangu Kaliopa hakuna nafasi hata ya sindano. Mjane, ana vyumba vitatu vidogo, vitanda vinalia kama mlango wa zizi. Lakini anapika. Septemba yote ua wake unanuka pilipili za kuchoma, na watalii wanaifuata ile harufu kama nyuki.

Mbinu. Kwenye kona ya barabara kuna kibao cha Kaliopa chenye mshale: VYUMBA NA CHAKULA CHA NYUMBANI. Saa tano nikakigeuza. Sasa mshale unaelekea kwangu. Nikavaa shati safi, nikakaa langoni, nikatabasamu.

Saa sita akaja mtu! Mwanamume, mgongoni ana gunia la pilipili hoho. Akafuata mshale, akapanda ngazi zangu, akalitua barazani, akarudi na la pili, akarudi na la tatu, akaenda zake bila hata kuniangalia. Pilipili za Kaliopa, za kupikia ajvar, ile rojo nyekundu ya kuweka chupani kwa majira ya baridi.

Nimeyashusha mwenyewe magunia yote matatu na kuyapandisha kwake. Kaliopa akanipa glasi ya maji. Akasema miaka yote hii hakujua kuwa nina moyo mwema hivi. Mgongo wangu! Kibao nimekirudisha.

Jumatano, 17 Septemba

Ushindi! Nina wageni!

Nilienda kituo cha mabasi na kadibodi yangu iliyoandikwa VYUMBA, nikasimama kati ya wale akina mama wanaopangisha vyumba. Wananijua. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya kusikika na kituo kizima, "Metodija, leo unawapa watu nini asubuhi, chai ya jana?" Nikanyamaza. Mtu mzima hanyamazi bure.

Likashuka basi, wakashuka wazee wawili. Mume kavaa kofia ya majani, mke kashika ramani aliyoikunja vibaya. Yule mke akanitazama, akaitazama kadibodi, akanitazama tena. Akapiga kelele kwamba mimi ndiye yule kijana wa masanduku! Ni Vinko na Ivanka, kutoka Ptuj, Slovenia. Mwaka themanini na tatu walikuja fungate, wakalala chumba cha ziwani, siku kumi na moja. Sikuwakumbuka hata kidogo. Nikawakumbatia kama ndugu zangu.

Njiani Ivanka akauliza Despina hajambo.

Nikasema hajambo. Nikasema amekwenda Bitola kwa dada yake, dada ana miguu mibaya, atarudi wiki ijayo. Nikaongeza kwamba kaniachia ujumbe nisisahau kumwagilia maua. Nikasema na namna anavyoninyooshea kidole akitoa maagizo. Kwa nini nilisema yote hayo? Sijui. Mdomo ulikwenda wenyewe. Na nikikiri ukweli wangu humu ambamo hakuna anayesoma: kutoka kituoni hadi langoni nilitembea kama mtu mwenye mke Bitola. Kilima hakikunichosha.

Vinko akasema kilichowarudisha si ziwa. Maziwa hata kwao yapo. Ni gyomleze ya Despina. Miaka arobaini na miwili wanaihadithia. Nikasema Jumamosi mtaila!

Nimelala chali naitazama dari. Gyomleze! Unamimina uji wa unga sahani nzima, unaufunika kwa kifuniko cha makaa, unangoja uive, unapaka mafuta, unamimina tena. Tabaka ishirini. Despina alikuwa anashinda nayo asubuhi nzima. Mimi mayai tu yananishinda.

Alhamisi, 18 Septemba

Mayai yamenishinda. Ivanka alikula kimya, akasema moshi unayapa ladha. Mwanamke muungwana.

Lakini jana kabla ya usingizi nilipata wazo ambalo mtu mwingine angelilipia. Kaliopa ni mkali, ila mgonjwa hampiti. Hampiti hata mbwa mwenye kikohozi. Kwa hiyo: nitaugua. Wageni wakishuka ziwani, mimi nitakohoa ukutani kwake. Ataleta chakula. Chakula kitaingia kwenye vyungu vya Despina. Wageni watarudi, watakuta meza.

Saa nne nikaanza kukohoa. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha uongo, vilivyofuata vikawa vya kweli maana koo lilikauka. Haikupita nusu saa, Kaliopa mlangoni, ana bakuli la supu ya kuku na chungu cha maharage ya kuoka, bado yanachemka pembeni. Nimelala, blanketi mpaka kidevuni. Viatu nilisahau kuvua. Akavitazama vikichungulia kwenye blanketi. Nikasema miguu inasikia baridi sana.

Akaviviringishia shali.

Mchana Vinko alipangusa chungu kwa mkate hadi udongo ukang'aa. Akasema Despina ameacha chakula kizuri. Nikasema ndiye huyo, hata akiwa mbali hasahau watu. Kisha nikatoka kwenda kumwagilia maua.

Ijumaa, 19 Septemba

Supu peke yake haishibishi watu watatu. Nikamwambia Kaliopa daktari ameagiza pilipili za kujaza nyama. Nyingi.

"Daktari gani huyo?" akauliza. "Wa ng'ombe?"

Nikasema wa mjini, mpya, amesomea nje. Akaenda, akarudi na pilipili kumi na mbili zilizojazwa. Kumi na mbili! Kisha, badala ya kuondoka, akavuta kiti akakaa kando ya kitanda changu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Mkono unanuka makaa na vitunguu saumu. Akautuliza pale, macho yake yako dirishani, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Akasema, "Una joto kidogo."

Na nilikuwa nalo! Naapa! Sina homa, sina mafua, ila joto lilikuja lenyewe. Nikahesabu: tangu Despina, hakuna mtu aliyenigusa uso isipokuwa kinyozi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini kesho ni Jumamosi. Nikafumba macho nikasema kwa sauti nyembamba kwamba mtu akiwa katika hali yangu hutamani kitu kimoja tu, gyomleze, hata kipande, kabla ya kufa. Kaliopa akauondoa mkono. Mimi nikaongeza kikohozi kimoja kidogo, cha mwisho-mwisho.

"Umechagua kitu chepesi kweli," akasema. Akatoka. Lakini hakukataa!

Jumamosi, 20 Septemba

Siku mbaya. Au sijui niiiteje.

Tangu alfajiri nilisikia Kaliopa akipasua kuni. Nikawahimiza wageni washuke ziwani, wapande mashua, wakae huko mpaka saa saba. Wakaenda. Saa tano upepo ukageuka, ziwa likachafuka, mashua haziendi. Mimi nitajuaje? Nimo kitandani nafanya kazi ya kufa.

Kaliopa akaingia akisukuma mlango kwa goti, mikono yote miwili imebeba sinia, mvuke unampanda usoni, nywele zina majivu. Gyomleze, duara zima, rangi ya asali. Nami ndiyo kwanza nimefungua mdomo kushukuru kwa unyonge, nikasikia ngazi. Ivanka akatokea mlangoni, Vinko nyuma yake, kofia mkononi.

Ivanka akasema mama, shikamoo, hiyo harufu tumeisikia tangu chini kanisani.

Kaliopa akamtazama Ivanka. Akamtazama Vinko. Kupitia mlango ulio wazi akaona meza ya sebuleni: sahani tatu, uma tatu, na chungu chake cha maharage katikati, nilichosahau kukirudisha. Akanigeukia polepole. Nilivuta blanketi.

"Mgonjwa ana wageni," akasema. "Maiti yangu ina wageni! Mimi tangu saa kumi na moja nimo motoni, macho yamevimba kwa moshi, nasema nimwahi huyu mzee asije akafa na hamu yake, kumbe nimeajiriwa hotelini! Na pilipili kumi na mbili! Nilisema mwenyewe, hiki kifo kina njaa!"

Nikaanza kueleza. Nikasema ni kwa sababu Despina yuko Bitola.

Kaliopa akalaza sinia juu ya kabati. Hasira ilimtoka usoni yote kwa mara moja, na hilo likanitisha kuliko makelele. Akaita jina langu tu. "Metodija."

Ndipo Vinko akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, karibu na viatu vyangu. Akasema wanajua. Wanajua tangu Jumatano. Kwenye nguzo ya lango langu kuna tangazo la kumbukumbu ya kifo cha Despina, lile la kutimiza miaka miwili, Liljana alilibandika majira ya kuchipua. Mvua imefuta nusu ya maandishi, ila picha ipo. Walilisoma wakati mimi nahangaika na kitasa.

Mimi tangazo lile silioni. Kila siku nikipita naangalia upande wa pili, kwenye mtini. Nimezoea mpaka shingo inageuka yenyewe.

Nikawauliza kwa nini hawakusema.

Ivanka akasema, "Ulivyosema amekwenda kwa dada yake, bwana, ulisema vizuri mno. Na kile kidole chake, na maua. Tukaona na sisi tumwache awe Bitola, japo siku tatu."

Kaliopa akachukua kisu. Akakata vipande, akatugawia hapohapo chumbani, mikononi, bila sahani. Akaonja chake. Akasema tabaka za chini zimekauka, za Despina hazikuwa hivyo, Despina alikuwa na mkono. Miaka thelathini wakiwa majirani, wakishindania moshi wa jiko, nilikuwa sijawahi kumsikia akikubali hilo.

Nililia. Nilikula vipande vitatu. Kulia hakukuzuia kula.

Jumapili, 21 Septemba

Liljana amefika na masanduku yake mawili. Alitukuta sote uani kwa Kaliopa, Vinko anakoroga ajvar kwa mwiko mrefu kama kasia, Ivanka anamenya pilipili, vidole vimekuwa vyekundu. Mimi nilipewa kazi ya kuchochea moto na kutosema kitu.

Liljana akauliza wageni wako wangapi. Nikafungua mdomo, nilikuwa na sita tayari ulimini. Kaliopa akaniwahi.

"Wawili," akasema. "Wanalala kwake, wanakula kwangu. Baba yako ana vitanda vizuri, mimi nina sufuria. Wangu wakizidi nitampelekea yeye, wake wakiona njaa waje huku. Huko Skopje utamweka wapi mtu kama huyu? Atawagombanisha ghorofa zote nne kabla ya Krismasi."

Vinko akaongeza kwamba Septemba ijayo wanarudi, chumba kilekile.

Binti yangu alinitazama kitambo. Ana macho ya mama yake, na kidole pia. Akaninyooshea: nibaki, majira haya ya baridi tuone, lakini niape kitu kimoja. Nisiwadanganye wageni tena. Hata kidogo. Nikaapa kwa Mtakatifu Naum, mkono kifuani, moto unanichoma usoni. Nilimaanisha kila neno.

Jioni aliondoka. Masanduku hayakurudi matupu, Kaliopa aliyajaza chupa za ajvar. Kabla ya kupanda gari, Liljana alisimama kwenye nguzo ya lango. Mimi nikasimama naye. Safari hii sikugeuza shingo. Despina anatabasamu nusu, kama mtu aliyesikia visingizio vyangu vyote na anangoja kingine.

Jumatano, 24 Septemba

Vinko na Ivanka waliondoka juzi. Niliwabebea mizigo mpaka kituoni.

Kaliopa ameniambia niwe nakula kwake kila siku, saa saba. Si lazima niugue. Nigonge mlango tu kama mtu. Jana niligonga. Kulikuwa na samaki. Tuliongea mpaka kahawa ikapoa, kisha akapika nyingine.

Leo asubuhi nilikwenda kituoni na kadibodi. Walishuka akina dada wawili, walimu, kutoka Szeged, Hungaria. Wakauliza kama chakula kipo. Jibu nilikuwa nalo tayari, fupi, la kweli: jirani yangu anapika, ni hatua kumi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani. Lakini wale akina mama wa vyumba walikuwa wametega masikio, na mmoja akaguna, "Chai ya jana!" Damu ikanipanda.

Nikasema mke wangu ndiye mpishi bora kuliko wote hapa Ohrid!

Walimu wakafurahi sana. Wakauliza mke anaitwa nani. Nikasema Kaliopa.

Sasa wako juu wananawa. Wanataka wakamsalimu, wameleta na zawadi. Ni saa sita na nusu. Nimenyoa ndevu, nimevaa shati jeupe, viatu nimevipiga rangi. Mpango mzima umekaa sawa, umebaki upenyo mmoja tu.

Kaliopa bado hajaambiwa.