Mieleka Isomwe Kutoka Kulia

Maftah Tamimu,
Fundi Cherehani,
Kijiji cha Nyakunguru,
TARIME.
9 Mei, 1978

Ndugu Afisa wa Elimu ya Watu Wazima,
Wilaya ya Tarime.

YAH: MWALIMU KOKUSHUBIRA KUMWANGUSHA MASHARUBU

Ndugu Afisa,

Pokea salamu za ujamaa na kujitegemea. Mimi ni mzima, cherehani ni nzima, na mahindi ya kijiji yamestawi pande zote mbili isipokuwa katikati. Habari ya katikati utaikuta kwenye lalamiko la nne.

Mimi si mpinzani wa Serikali. Kisomo kilipofika kijijini kwetu mwaka juzi, ni mimi niliyeshona pazia la dirisha la darasa bila kuombwa. Nilipoulizwa mbona sijiandikishi, nilijibu kwamba nafasi waachiwe wasiojua, na kila mtu aliona ni jibu la busara, maana hapa Nyakunguru naitwa Msomi. Marehemu baba yangu alikuja Tarime kutoka Pangani na cherehani moja na msahafu mmoja. Nimerithi vyote viwili na vyote naviendesha. Nikisoma msibani, hata wasio Waislamu huvua kofia.

Ndiyo sababu mwaka 1974, niliporudi kutoka Sirari na jora la kitambaa lililofungwa kwa gazeti la mieleka la ng'ambo, watu hawakutafuta msomaji mwingine. Nilipewa mimi nisome, nami nikasoma. Baadaye nikapata mawili mengine, yakawa matatu, kisha mwaka jana mpaka wa Sirari ukafungwa. Kwa hiyo mieleka yote ambayo kijiji hiki kinaijua imo katika magazeti hayo matatu. Kila Jumamosi alasiri, watu wakitoka shamba la kijiji, hukaa barazani kwangu nikawasomea. Tumeyasoma miaka minne na hakuna aliyewahi kusema ameyachoka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu upande. Mwalimu Kokushubira, ambaye aliletwa kwetu kutoka Bukoba na ambaye kwa mengine sina neno naye, amewafundisha wanakijiji kwamba kusoma huanzia kushoto. Hakuitisha mkutano. Hakuuliza kama kijijini kuna mtu mwenye utaratibu mwingine. Mimi nilifundishwa madrasa kwamba kitabu hufunguliwa kutoka kulia, na maneno hutoka kulia kwenda kushoto, na hivyo ndivyo nilivyoyasoma magazeti yote matatu. Ndugu Afisa, kushoto ni mkono ambao hapa kwetu hatupokelei hata kikombe cha chai. Itakuwaje tupokelee elimu? Nashuku hii ni kasumba ya kikoloni. (Kalamu imesimama kidogo hapa, lakini tuendelee.)

2. Kuhusu matokeo. Katika magazeti hayo wamo watu wawili wanaopigana kila mara. Mmoja ana masharubu makubwa, nasi tunamwita Masharubu. Mwingine amevaa kaptula nyeusi, naye tunamwita Kaptula Nyeusi. Picha zao zimepangwa kwa mstari. Ukianza kulia, kama nilivyoanza, unamkuta Masharubu amelala chali, amepumzika. Mtu mwenye shati jeupe anapiga sakafu kwa kiganja ili amwamshe. Masharubu anaamka kwa kishindo, anaruka mwenyewe mpaka juu ya kichwa cha Kaptula Nyeusi, anakaa huko angani picha nzima, kisha anashuka taratibu na kusimama kwa miguu yake. Kaptula Nyeusi anaona hana la kufanya, anampa mkono na kuomba radhi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika gazeti la kwanza, na la pili, na la tatu. Hakuna mtu aliyepata kupendwa kijijini hapa kama Masharubu. Tulipiga kura ya kunyoosha mikono akapata watu arobaini na mmoja, Kaptula Nyeusi akapata watatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa anajikuna.

Mwezi wa pili mwaka huu, Agustina, mama mtu mzima mwenye wajukuu sita, alikuja barazani akitoka darasani na chaki bado iko vidoleni. Akaangalia gazeti kwa muda mrefu. Halafu akasema mbele ya watu wote, "Msomi, mbona unaanzia mwisho?" Akaweka kidole upande wa kushoto akaanza. Walipeana mikono. Masharubu akakamatwa. Masharubu akanyanyuliwa. Masharubu akatupwa. Masharubu akalala, na yule mwenye shati jeupe hakuwa anamwamsha hata kidogo, alikuwa anamhesabia. Mogesi, mchimbaji wa dhahabu na mtu mwenye sauti, alisimama akasema, "Mura, kumbe mtu wetu anapigwa!" Akageuza gazeti la pili, akageuza na la tatu. Kisha wote wakanitazama mimi, nami nikatazama cherehani. Niliona haya, Ndugu Afisa. Sijawahi kuona haya namna ile tangu nilipokata suruali ya katibu kata ikatoka na miguu miwili ya kushoto.

3. Kuhusu historia ya nyuma ya pazia. Watu hawaji kuangalia picha tu, wanataka kujua chanzo cha ugomvi. Mimi niliwaeleza, kwa kadiri nilivyoona inafaa, kwamba Masharubu na Kaptula Nyeusi ni mashemeji, kwamba Masharubu alimwoa dada yake Kaptula Nyeusi, kwamba ng'ombe wa mahari walipelekwa ishirini, mmoja akafia njiani, na kwamba upande wa mke ulikataa kumhesabu aliyekufa. Wakurya hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Mjadala wa huyo ng'ombe ulichukua masika mawili, na wazee walitoa hukumu mara tatu zinazopingana. Dada mwenyewe yumo katika gazeti la pili, mwanamke mzuri anayetabasamu na kushika kitu mkononi, nami nilisema ameshika barua ya kuwapatanisha. Agustina amesoma herufi zilizo kwenye hicho kitu. Ni sabuni. Yule mwanamke anatangaza sabuni, na hana undugu na mtu yeyote humo ndani. Wazee sasa wananiuliza wale ng'ombe wengine kumi na tisa walikwenda wapi.

4. Kuhusu umoja na uzalishaji. Kijiji kimegawanyika. Wapo wanaoitwa Kushoto, wanaosema Masharubu alipigwa, na wapo wanaoitwa Kulia, waliobaki nami, ambao idadi yao inapungua kila darasa linapokutana. Siku ya kupalilia shamba la kijiji Kushoto walianzia kushoto, Kulia tukaanzia kulia. Tulipokaribiana katikati kila upande ukadai mwenzake ameanzia mwishoni, na majembe yakawekwa chini mpaka jua likazama. Hapo katikati pana magugu yanayofika kifuani. Nakuachia wewe kukadiria hasara ya Taifa.

5. Kuhusu mifugo. Mogesi ana fahali aliyempa jina la Masharubu, na kwa miaka mitatu fahali huyo hakuna aliyemweza kisimani. Wiki iliyofuata baada ya Agustina kusoma, fahali huyo alipigwa na fahali wa jirani akakimbia. Mogesi ananilaumu mimi. Namwambia fahali hajui kusoma. Anasema, "Na wewe vilevile." Maneno hayo aliyasema mbele ya wateja.

6. Kuhusu uzushi. Nashoni, anayefunga vidonda pale zahanati, amejitokeza kusema kwamba ugomvi wetu hauna maana, kwa sababu mieleka ya ng'ambo inapangwa kabla. Anadai yule anayeanguka anaambiwa aanguke, na wakitoka ulingoni wanakunywa chai pamoja. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Kulia na Kushoto tumekubaliana: tulimfukuza barazani kwa pamoja. Hata hivyo naomba ulijue, maana usemi huo umezaliwa na haya mambo ya kisomo. Zamani hakuna aliyefikiri kitu kama hicho kinafikirika.

7. Kuhusu nyumba yangu. Mke wangu Kuruthumu naye anakwenda darasani, na sikumzuia. Kwenye cherehani yangu pana herufi za rangi ya dhahabu. Tulipooana nilimwambia kwamba ni jina la babu yangu, na kwa miaka kumi na tisa amelifuta vumbi kila asubuhi kwa heshima. Juzi amelisoma. Ni jina la kiwanda. Alikunja tu kitambaa cha kufutia akakiweka mezani mbele yangu. Siku hizi vumbi nafuta mwenyewe. Ndugu Afisa, ningependa angalau angegomba.

8. Kuhusu jina. Watoto hawaniiti tena Msomi. Wananiita Kinyumenyume, na wengine wanaponiona hutembea kwa kurudi nyuma. Lakini linaloniumiza zaidi si hilo. Chini ya picha ya Masharubu limeandikwa jina lake la kweli. Agustina amelisoma, analijua, na amekataa kuniambia. Anasema kama mimi ni Msomi nikalisome. Nimemweka mtu huyu moyoni miaka minne, nimemwozesha, nimempa ng'ombe, nimemtetea kwa wazee, na jina lake analijua Agustina.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, kila Jumamosi kisomo kianzie kulia. Kama hilo ni gumu, basi Serikali itoe tamko kwamba magazeti yangu matatu yasihesabiwe kuwa maandishi, bali yawe kama mila, na yasomwe kwa desturi ya wenyeji. Kama na hilo ni gumu, mwandikieni mwenye kiwanda cha gazeti huko ng'ambo, apange picha upya na atuletee, akipitia njia nyingine maana Sirari pamefungwa. Na yote yakishindikana, sina budi kuomba darasa la Nyakunguru lifungwe, na Mwalimu Kokushubira ahamishiwe mahali ambapo hakuna mieleka, mpaka watu wasahau walichofundishwa. Nimepiga hesabu, masika mawili yatatosha. Agustina apewe matatu.

Najua utasema huyu fundi anataka kijiji kizima kirudi gizani ili yeye apate kung'aa. Nimelifikiria hilo nikiwa napiga pasi kola za watu, na jibu nililopata ni ndiyo. Lakini si mimi peke yangu niliyeng'aa. Siku za Jumamosi, watu waliokuwa wameinama shambani tangu asubuhi walikaa wakamwona mtu ameangushwa anainuka. Walikwenda nyumbani wakicheka. Sasa wanakwenda nyumbani wakibishana juu ya sabuni.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi, mpiga chapa, na dereva wenu ambaye suruali yake iko tayari tangu Machi. Mogesi anakusalimu, fahali anaendelea vizuri. Kuruthumu angekusalimu kama angekuwa anazungumza nami.

Ni mimi, niliyeanza mwisho na sasa nimefika mwanzo,

Maftah Tamimu,
Fundi.

N.B. Nalazimika kueleza jambo moja usije ukashangaa mwandiko. Barua hii imeandikwa na Mwalimu Kokushubira. Nilikwenda kwanza kwa katibu wa kijiji, akasema yeye ni Kushoto. Agustina alisema ataandika, ila ataweka na majibu yake kando. Mwalimu ndiye peke yake aliyekubali bila masharti, na ameandika kila nililosema juu yake, hata pale pa kasumba, akaniuliza tu kama kasumba nataka iwe na herufi kubwa. Imetuchukua alasiri tatu. Nilikaa ubavuni kwake, sina kazi, nikawa natazama kalamu. Siku ya kwanza nilikuwa naisubiri upande wa kulia, nayo haiji. Siku ya pili nikaanza kuona alama moja inayorudi mara kwa mara, nikauliza ni nini. Akasema hiyo ndiyo Masharubu. Siku ya tatu nilikuja na magazeti yangu yote matatu kwapani. Nimemwomba aniachie nafasi hapa chini.

NDUGU AFISA. HAPA NI MIMI MWENYEWE. MWALIMU ANANIONYESHA HERUFI. NIMETAFUTA NENO MASHARUBU GAZETI ZOTE TATU KUANZIA KUSHOTO. HALIMO. TULIMPA SISI. ALIPIGWA ZOTE TATU NA BADO NAMPENDA. USIFUNGE DARASA. JINA LAKE LA KWELI SIJAMALIZA KULISOMA. LINAANZA NA M KAMA LANGU. JINA LANGU NAANDIKA BILA KUSAIDIWA.

HATFAM