Msiba Uliotumwa kwa Posta

Jumatatu, 1 Desemba

Ushindi! Mama Iwabuchi, mwenyekiti wa mtaa wetu, amekuja dukani hata sijawasha jiko la mafuta, kunitangazia kwamba mwaka huu Neno la Kuaga Mwaka nitalisoma mimi. Kila tarehe thelathini Desemba, mtaa mzima ukishaponda mochi, ile mikate ya wali wa kunata, ukumbini, mtu mmoja husimama na kusimulia mwaka ulivyokwenda: habari, vitabu, harusi, bei ya mchele. Miaka nenda rudi mtu huyo amekuwa Nezu wa duka la pombe ya sake, kwa sababu tu ana sauti nene na vinywaji vya bure. Mimi nauza vitabu vikuukuu. Nani anafaa zaidi? Mama Iwabuchi anasema Nezu mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Hiyo ni hila. Bado sijajua ni hila gani.

Nimelisubiri jambo hili tangu nifungue duka. Sitaki kingine duniani.

Kikwazo kimoja tu: kadi za Mwaka Mpya. Nyumbani kwetu mwandishi wa kadi ni mimi, kwa mkono, kwa kila mtu tunayemjua, na lazima ziwahi posta ili zifike asubuhi ya tarehe moja. Mke wangu Fusae ameshaniwekea bunda zima mezani. Anasema yeye anapika, anasugua nyumba nzima, anatia samaki chumvi, kwa hiyo kadi ni zangu. Nitaandika Neno saa ngapi? Mwandishi hawezi kugeuzwa karani.

Jumatano, 3 Desemba

Nimepata dawa. Mtu aliyefiwa haandiki kadi za Mwaka Mpya. Ndiyo desturi. Hutuma kadi moja ya kijivu, imepigwa chapa, kuwaarifu watu kwamba yumo msibani na wasimtarajie. Basi, yamekwisha. Kilichokuwa kinakosekana ni marehemu.

Baba mdogo Kyubei. Anaishi Hokkaido, kule kaskazini kabisa, na umri wake ni tisini na moja. Mara ya mwisho kusikia habari zake paa letu lilikuwa bado la zamani. Mtu aliyekula chumvi nyingi namna hiyo, kimya namna hiyo, katika baridi namna ile! Sisemi uongo. Nakadiria.

Fusae nilimwambia nimepigiwa simu, alifariki mwezi uliopita, mazishi yalikuwa ya watu wachache. Akakumbuka kwamba kwenye harusi yetu baba mdogo alicheza na sinia kichwani. Halafu, mwanamke huyu, akasema baba mdogo si jamaa wa karibu kiasi cha kuzuia kadi. Nikamjibu papo hapo kwamba yule alikuwa kama baba yangu mzazi. Ili watu wengine wasilete ubishi huo huo, nimeiandika kabisa kwenye kadi: "Alikuwa kama baba yangu mzazi. Ndiye aliyenifundisha kusoma." Maneno mazuri. Yalinitoka tu.

Mpiga chapa wa karibu na stesheni nimemkabidhi kisanduku chote cha anwani, azichape kadi na kuzituma mwenyewe. Sikugusa hata stempu moja.

Jumanne, 9 Desemba

Sikujua msiba unalipa hivi. Kinyozi Segawa kaleta machenza. Mama Iwabuchi kaleta ubani wa bei mbaya. Nezu alikuja na chupa ya sake nzuri, akapiga magoti mbele ya picha ya baba mdogo (ile ya harusini, sinia tumelikata), akalia machozi ya kweli. Akaniambia, "Bwana Kuramochi, pole sana ndugu yangu. Aliyekufundisha kusoma huwezi kumlipa." Nikainamisha kichwa. Lazima nikiri nililia kidogo na mimi. Nina kipaji.

Neno linaendelea vizuri. Nimeanza na vitabu: mwaka huu nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote mtaani. Ni kweli kwamba nilisoma kurasa za mwisho tu, lakini muuza vitabu anahitaji kujua nani anakufa na nani anaolewa, mengine ni kujaza karatasi. Baadaye nimeingia kwenye habari: dubu aliyepanda mti wa matunda ya kaki wa Segawa mwezi wa kumi. Nimeandika kwamba nilimkabili. Nilimkabili kwa macho, kupitia dirishani, nikiwa chini ya meza.

Jumapili, 14 Desemba

Balaa! Mama Iwabuchi amerudi na uso wa huruma. Kamati imekaa. Mtu wa msiba hasimami mbele ya mochi kuwapa watu furaha, haipendezi, na wao hawataki kunitwisha mzigo katika majonzi yangu. Neno atalisoma Nezu, kama kawaida.

Nilijikaza. Nikamwambia kwamba nikisema ukweli wote, baba mdogo alifariki tangu majira ya kuchipua, majonzi yameshapoa. Akauliza mbona kadi inasema Novemba. Nikamwambia habari za Hokkaido huchelewa kwa sababu ya theluji. Akanipigapiga begani akasema, "Pumzika, mwanangu." Ananizidi miaka mitatu.

Si hilo tu. Fusae anasema msiba ni msiba: hakuna misonobari ya Mwaka Mpya mlangoni, hakuna mochi, hakuna kwenda hekaluni tarehe moja, na ile sake ya Nezu ameimwaga mbele ya picha. Nusu chupa! Kisa mtu ambaye labda hata hajafa.

Hila ya Nezu sasa naiona wazi. Alinipendekeza ili nifiwe.

Jumamosi, 20 Desemba

Sauti ya Nezu ndiyo mtaji wake wote. Sauti ikienda, nani atabaki? Nimeshamaliza Neno, kurasa kumi na mbili, kila moja inazidi iliyopita.

Nimemwalika ghalani kwangu, nyuma ya duka, ambako hakuna jiko na vitabu vinatoa moshi wa baridi. Nikamwambia kuna kitabu cha kale cha utengenezaji wa sake, kipo humo mahali fulani, tukitafute pamoja. Hakipo. Tulitafuta mchana kutwa. Nezu alikuja na koti la manyoya, skafu mbili na chupa ya maji ya moto tumboni. Mimi, ili nisionekane nahisi baridi, nilivaa sweta tu. Jioni alinishukuru, akasema hajafurahi hivi tangu utotoni, akaondoka akiimba. Alinunua na vitabu vitatu.

Jumanne, 23 Desemba

Nimepoteza sauti. Kabisa. Nikifungua mdomo hutoka kitu kama bawaba ya mlango. Fusae ananipa tangawizi na kuwaambia wateja kwamba ni uchungu wa msiba. Machenza mengine yameletwa.

Jumapili, 28 Desemba

Mtaa wote una misonobari mlangoni isipokuwa sisi. Nimesugua madirisha yote. Kupitia dirisha nimemwona Nezu akifanya mazoezi ya Neno kwenye theluji, akinyoosha mkono. Ule mkono niliupanga mimi, kwenye ukurasa wangu wa saba! Lazima niseme inauma. Nimelirudia Neno langu kwa midomo tu, mbele ya picha ya baba mdogo. Ndiye peke yake aliyenisikiliza.

Jumanne, 30 Desemba

Nieleze kwa mpangilio.

Tulikuwa ukumbini. Mvuke wa wali, kinu katikati, Segawa na mchi. Sisi wa msiba tumekaa pembeni, tunaruhusiwa kutazama. Mara mlango ukavutwa, akaingia mzee mrefu, theluji kofiani, boksi la kaa wa baharini begani. Akauliza kwa sauti ya kutikisa dari, "Jamani, msiba wa Kyubei ndio hapa?"

Segawa akamjibu kwa adabu kwamba ndiyo, msiba ni wa Bwana Kuramochi yule pale, yeye ni nani wa marehemu?

"Mimi ndiye marehemu."

Mchi ulibaki hewani. Fusae alinigeukia polepole. Sitaandika alivyonitazama.

Yule mpiga chapa mpumbavu! Alituma kadi kwa kila anwani iliyokuwa kisandukuni. Kila anwani. Baba mdogo alipokea taarifa ya kifo chake tangu mwanzo wa mwezi. Mama Iwabuchi akamuuliza kwa sauti ndogo mbona hakupiga simu. Akasema aliona hakuna haraka, ameshakufa, akangoja kaa wanenepe kwanza.

Sasa angalieni akili yangu ilivyo nyepesi. Wengine wote wamepigwa na butwaa, mimi nimeshaona mwanya. Baba mdogo yu hai, kwa hiyo msiba hakuna, kwa hiyo Neno ni langu! Nilisimama, nikatoa kurasa zangu kumi na mbili, nikamwonyesha Mama Iwabuchi kwa kidole: mzee, mimi, karatasi. Nezu ndiye aliyesema, "Mwachieni asome, mama. Mwaka wake ndio huu." Akaketi. Hata hakununa. Ndiyo maana simwamini.

Basi nikasimama mbele ya mtaa mzima, mahali nilipopatamani maisha yangu yote, nikafungua mdomo. Bawaba ya mlango.

Nikajaribu tena. Mtoto mmoja akaanza kucheka. Baba mdogo akanijia, akaninyang'anya karatasi, akasema, "Leta, nikusomee, kama zamani." Akazisogeza mbali, akazisogeza karibu. Miwani ameiacha Hokkaido. Akazikunja zote kumi na mbili akazikalia. Kisha akatoa mfukoni kadi ya kijivu na kusema hii anaijua kwa moyo, haihitaji miwani.

Akaisoma. Kifo chake, mwezi, radhi, yote. Watu walivunjika mbavu, Mama Iwabuchi alilazimika kushika kinu. Nezu alilia tena, safari hii kwa kicheko. Kisha mzee akafika mwisho: "Alikuwa kama baba yangu mzazi. Ndiye aliyenifundisha kusoma." Hapo hakuna aliyecheka. Mzee akasema katika miaka tisini na moja hakuna aliyewahi kuandika neno jema juu yake, ila polisi mmoja, na huyo alikosea jina. Akasema kwa maneno haya mawili alikuwa tayari kufa kweli, lakini akaona aje kwanza amwone aliyeyaandika.

Na mimi pale, bila sauti, nikakumbuka. Nyuma ya nyumba ya babu, magazeti ya kufungia samaki. Alikuwa ananikalisha pajani na kunionyesha herufi moja moja, magazeti yananuka, kidole chake kina magamba. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilidhani nimetunga. Nililia mbele ya watu wote, na sikuwa naigiza, na niliona aibu nikaona na raha.

Tulikula mochi na kaa. Watu wanasema halijawahi kusomwa Neno zuri kama hilo. Na nani aliliandika? Mimi!

Alhamisi, 1 Januari

Misonobari mlangoni, baba mdogo kwenye kiti changu, supu ya mochi. Jana Fusae alinisemesha mara mbili. Sauti imerudi.

Kisanduku cha barua ni kitupu, maana hakuna anayempelekea kadi mtu wa msiba. Isipokuwa moja, kutoka kwa Nezu, aliyoileta kwa miguu. Ameandika kwamba mwakani Neno ni langu, na nilinde koo. Namchunguza.

Nimetafakari mwaka uliopita kwa uaminifu kabisa, kama mtu anavyopaswa siku ya leo. Niliwachezea watu waliokuja kunililia. Nilimzika mzee aliyenipakata. Tangu sasa nitakuwa mtu mwingine. Hayo nimeyasema kwa sauti mezani, na baba mdogo akaitikia kwa kichwa, na Fusae akaenda kabatini, akarudi na lile bunda la kadi. Zote. Tupu. Anasema nina mpaka tarehe saba kumwandikia kila mtu kwa mkono wangu, salamu za Mwaka Mpya pamoja na maelezo kwamba marehemu hajambo.

Nimeandika nne. Kidole kinauma.

Nimezungumza kidogo na Fusae kuhusu familia yake, kwa upole, kama mume anayejali. Kumbe ana shangazi Osaka. Miaka tisini na sita. Hawajasikia habari zake tangu joto la mwaka juzi.

Sijafanya lolote. Mwaka ndiyo kwanza umeanza, na mimi ni mtu mwingine. Ila anwani yake nimeshaitoa kisandukuni.