Baiskeli Isiyonywewa

Taufiki wa Lusahunga hakuwahi kuiba. Neno hilo lilimuudhi. Yeye aliwasaidia watu kuachana na vitu wasivyojua thamani yake, na msaada huo aliutoa kwa moyo mkunjufu kuanzia Rusumo hadi Biharamulo mjini. Kwa hiyo siku aliyokwenda Kanazi kuuza mabeseni, akamwona mzee anashuka mlima kwa miguu akikokota baiskeli ya kizungu yenye breki za mafuta, aliona wazi kwamba huyu anahitaji msaada.

Mzee huyo alikuwa Leonidasi, katekista. Baiskeli alipewa na mtalii aliyelala kwake siku za mvua, ambaye milima ya Ngara ilimshinda akapanda basi. Taufiki akamwamkia shikamoo ndefu, akaminya mkono wa breki. Ukaingia laini mpaka ukagusa usukani. Wa pili ulikuwa hivyohivyo. Aliwahi kushika spana kwenye gereji ya malori, akajua papo hapo: upepo umeingia kwenye mipira ya mafuta. Ni ugonjwa wa kutibiwa nyumbani. Akavua kofia.

"Pole sana, mzee. Hizi breki zimekata roho."

Mzee akauliza kama hakuna dawa. Taufiki akamweleza kwa huzuni kwamba breki za aina hii zikifa hazifufuki, kazi yake inabaki kutupa watu bondeni, na hazichagui katekista wala mlevi. Kwa huruma tu, atamwachia baiskeli yake ya chuma aliyobebea mabeseni, aichukue hii maiti. Leonidasi akaguna, akakubali, akamwomba akae kidogo ili majirani waitwe. Taufiki akasema lori linaondoka. Mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, na yeye hakupenda mashaka.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Biharamulo kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni aliyetamani baiskeli kama ile kiasi cha kuahidi kutoa pikipiki, mradi breki zote zishike. Pikipiki! Taufiki alikwisha kujiona juu yake, miwani usoni, watu wa stendi wakimpisha.

Akaining'iniza baiskeli kwenye boriti ya sebuleni. Mkewe, Biubwa, alikusanya vitambaa vyake vya kochi kimyakimya, kwa ule ukimya ambao mume mwenye akili huuogopa. Taufiki akatoa gurudumu la nyuma, akachomoa pedi za breki zisije zikarukiwa na mafuta, akaweka kibao mahali pake. Mafuta yenyewe yaliletwa na kondakta kutoka Mwanza, maana yale ya breki za malori yangezila raba za ndani. Akayavuta kwa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, akalegeza skrubu ya chini, akasukuma taratibu. Vipovu vikapanda kwenye mpira hadi juu, vikatokea kwenye kikombe alichofunga penye mkono wa breki. Kimoja kiligoma, akakigongagonga kwa kijiko cha uji. Mafuta yakaruka yakatua kwenye kitambaa pekee kilichosahaulika.

"Hicho alikifuma mama," alisema Biubwa.

Lakini breki ya nyuma ilikuwa ngumu kama jiwe. Ya mbele aliipangia kesho.

Kesho yake asubuhi Leonidasi alibisha hodi. Alikuja na baiskeli ya chuma, majirani wawili, dumu la pombe ya ndizi, na Audax, mwenyekiti wa kitongoji hapohapo Lusahunga, naye Mhangaza wa kuzaliwa, mtu wa Ngara kama mzee. Biubwa akawaonyesha kwa adabu benchi lililo nje ya uzio, maana dumu lile lisingevuka kizingiti chake.

"Tumekuja kuinywa baiskeli," alisema mzee. "Kwetu kitu kisichonywewa mbele ya mashahidi hakijauzwa. Umekiazima tu."

Taufiki akaomba iwe soda. Mashahidi wakashauriana kwa uzito wa baraza la kata, wakakataa soda. Audax akasema ndivyo ilivyo tangu babu zao, akamimina pombe kwenye kibuyu kikajaa.

Taufiki akakitazama. Funda moja, na pikipiki ni yake. Alikwisha danganya wilaya mbili, lakini tone la pombe halijawahi kugusa ulimi wake, na lilikuwa jambo pekee ambalo Biubwa alimsifia kwa wakwe. Akakiinua kibuyu. Akageuza macho, akamwona mkewe mlangoni, amekumbatia kitambaa cha mama.

Akakirudisha.

"Siwezi, mzee."

"Nilijua," alisema Leonidasi kwa upole. "Siku ile ulinivulia kofia ya msikitini. Yule mtalii aliniambia ni upepo tu, ila fundi wa kuutoa ndiye sikumpata." Taufiki akairudishia baiskeli pedi na gurudumu, akaitoa mlangoni. Mzee akasogea, akaminya mkono wa breki ya nyuma, akatabasamu. Akaminya wa mbele, ukazama. Akamtazama Taufiki kwa masikitiko ya kweli. "Kumbe tumewahi mno."

Akarudi kwenye benchi kwa wenzake, wakajimiminia, wakaanza kuzungumzia bei ya kahawa. Taufiki alisimama na baiskeli ya watu mkononi.

"Unangoja nini?" aliuliza Biubwa, akimkabidhi bomba la sindano. "Mzee ana mlima wa kushuka."