Cherehani ya Mke Wangu Irudi Nyumbani Kabla Albamu Haijatoka

Kwa Mkurugenzi wa Studio,

Ndugu Mkurugenzi,

Yahusu: Mke wangu na cherehani yake, waliochukuliwa kwa matumizi ya albamu

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mafundi mitambo wako wote, hata yule aliyenifungia mlango. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepokea malalamiko ya watu, nikayapiga muhuri na kuyafungulia jalada. La kwangu sijawahi kuandika hata moja. Nistahimili basi, maana ndiyo kwanza naanza, tena uzeeni.

Nieleze kwanza mambo yalivyoanza, asije mtu akasema mzee ana chuki na muziki. Wiki sita zilizopita lile kundi linaloitwa Vigogo Wanne lilikuja nyumbani kwetu kupimwa nguo za kupigia picha ya jalada la albamu yao. Shida yao unaijua kuliko mimi. Wote wanne ni nyota wa nyimbo za asili, kila mmoja ana kundi lake, na kila mmoja amezoea kuanza yeye, wengine wafuate. Wa gitaa akianza, wa zeze anamsubiri amalize ili aanze upya ipasavyo. Wa filimbi na wa kodiani wanapishana kwa heshima mpaka wimbo unapoa. Mwezi mzima walikuwa wamekaa kwako hawajamaliza hata wimbo mmoja. Basi siku hiyo wakawa wanajaribu pale sebuleni huku wakisubiri zamu ya kupimwa, na chumba cha pili mke wangu anakanyaga cherehani, ana sare za shule kumi na nne za kukabidhi. Ghafla wote wanne wakaingia kwenye wimbo pamoja, wakifuata mdundo wa cherehani. Ndiyo ujue, hakuna nyota awezaye kubishana na fundi mwenye kazi za watu.

Kesho yake cherehani ilipanda mkokoteni kuja kwako, mke wangu nyuma yake na kapu la vitambaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mke wangu hapigi muziki. Anashona. Aliwaambia wazi, "Jamani, mimi nina kazi za watu, nyie imbeni tu." Matokeo yake urefu wa kila wimbo unategemea nguo. Wimbo wa kwanza ni sketi ya muuguzi, umekwisha mara moja. Wa tatu ni pazia la ukumbi wa mikutano, dakika kumi na moja, wa filimbi nusura azimie. Wa nne umekatika katikati kwa sababu uzi ulikatika, nanyi mkapiga makofi mkasema huo ndio ubunifu. Uzi ulikuwa mbovu tu, Mkurugenzi.

2. Nguo nazo zimeharibiwa na muziki. Koti langu lilishonwa kwenye wimbo wa saba, ule wa mapenzi. Wa gitaa alipandwa na hisia, kibwagizo kikarudiwa mara mbili zaidi, na mkono wa kushoto ukauzidi wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Barua hii naiandika nikiwa nimelivaa, kama ushahidi.

3. Wateja wamepata kichaa. Mhasibu jirani yetu, ambaye suruali yake ndiyo wimbo wa tano, siku hizi anatembea akinesanesa na kuwauliza wenzake ofisini kama wamelisikia pindo lake. Mwalimu mkuu amekuja nyumbani kushitaki kwamba sare zake kumi na nne zimebanwa kwenye wimbo mmoja, ilhali sketi moja ya muuguzi imepewa wimbo mzima. Nilimpokea na kumfungulia jalada.

4. Nilikuja studio kwa heshima zangu zote kumtazama. Dakika mbili hazijaisha, fundi mitambo akaniambia, "Shemeji, samahani, unapumua." Ndugu Mkurugenzi, napumua tangu nizaliwe. Nikajitolea kukanyaga cherehani mimi mwenyewe ili mke wangu arudi nyumbani, na wa zeze akasema, "Mzee, unawahi." Miaka thelathini na mmoja kazini sikuchelewa hata siku moja, nikapewa na cheti, leo kuwahi kumekuwa kosa la kufungiwa mlango!

5. Mtaani kwetu yeye alikuwa Mke wa Karani. Sasa muuza magazeti ananiita Mume wa Cherehani. Nilimkanya. Ameendelea, tena sasa anapiga na meza kwa mdundo wa cherehani.

6. Hili ndilo lenyewe, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Nasikia albamu ikitoka kuna ziara ya miji minane, wiki sita nyingine. Nyumba imekuwa kimya mno. Zamani nilikuwa nagombeza mlio wa hiyo cherehani kila alasiri kwamba unanikatiza usingizi; sasa haulii, na usingizi hauji. Naingia chumba cha kushonea, naokota pini, nazipanga kwa ukubwa. Nimeshazipanga mara tatu. Naogopa kwamba amepata watu wanaomsikiliza, na mimi miaka yote hii nilikuwa namsikia tu.

Kwa hiyo naomba albamu isitoke. Ikishindikana, itoke bila cherehani. Hilo nalo likishindikana, itoke mahali pasipo na redio. Na yakishindikana yote, Vigogo Wanne wahamie kwangu, kila mmoja na kitanda chake, maana mke wangu akiwa nyumbani sina ugomvi na mtu.

Nisalimie wa gitaa, wa zeze, wa filimbi na wa kodiani, mlinzi wa getini, na yule fundi mitambo, ambaye namwombea naye apumue kidogo.

Ni mimi ningojaye majibu kwa maandishi,

Karani Mstaafu
(muhuri nimepiga mwenyewe)

Tanbihi: Barua hii nimeileta kwa mkono leo asubuhi, sikukukuta. Fundi mitambo akanikalisha, akanivika spika za masikioni, akaniwekea albamu nzima. Mwisho wa wimbo wa nane, kabla wa tisa haujaanza, cherehani inasimama. Uzi haukukatika, inasimama tu. Kisha inakuja sauti ya mke wangu, kwa mbali: "Saa ngapi saa hizi, jamani? Mzee wangu atakuwa hajala." Halafu unasikia kiti kikisukumwa nyuma. Fundi anasema Vigogo wote wanne, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wamekubaliana kitu kimoja: maneno hayo yasifutwe. Ndugu Mkurugenzi, albamu itoke. Itoke hata kesho. Barua nimeshindwa kuichana, mazoea ya kazi hayo, kwa hiyo itie jaladani bila kuisoma. Ila weka kumbukumbu kwamba alisema kweli: nilikuwa sijala.