Eklimonia, Mbinu ya Kimya

Jumatatu, 4 Machi
Insha ya Kiingereza ni ya kesho. Shairi la ukame. Zinatakiwa mbinu tatu na athari zake kwa msomaji. Nimeona tashbihi. Nimeona takriri. Ya tatu imenikimbia. Nikipata chini ya nusu, Kocha Dunphy ananitoa kwenye timu ya kriketi, na nafasi yangu anapewa Imogen Tranter, anayeimezea mate tangu Januari. Basi nimetunga yangu: eklimonia. Asili yake Ugiriki, nimeandika. Mshairi ananyamaza makusudi ili msomaji aumie.

Jumatano, 6 Machi
Kumi na tano kwa ishirini! Mwalimu wetu, Bi Pruitt, ameandika pembeni kwamba ni wachache wanaoitambua eklimonia. Wachache kweli. Imogen aliniuliza nimeisoma wapi. Nikamjibu kwa eklimonia.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Bi Pruitt ameifundisha darasa zima, tena kaipigia mstari ubaoni. Noel Petrakis, ambaye nyanya yake ni Mgiriki halisi, alisema kwao wanaitumia kila siku. Nimeanza kuiamini mwenyewe.

Jioni nimeijaribu kwa Baba. Aliuliza nani atakata nyasi. Nikanyamaza, ili aumie.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Mashine iko gereji."

Ijumaa, 8 Machi
Mtihani. Wanasahihisha walimu wa shule nyingine. Kila niliyemchungulia anaandika eklimonia. Nimewapiku wote: swali la tatu nimeacha ukurasa mtupu, chini kabisa nikaandika neno moja. Mnalijua.

Jumatano, 13 Machi
Swali la tatu tumepata sifuri darasa zima, isipokuwa Imogen, aliyeandika tashihisi kama mtu asiye na ndoto. Mimi nina nane kwa ishirini, chini ya nusu. Bi Pruitt, uso umemwiva, aliniuliza mbele ya wote eklimonia niliitoa wapi. Nikanyamaza.

"Hapana, Fergus. Safari hii utasema."

Nimesema. Petrakis alicheka kuliko wote, mpaka alipokumbuka nyanya yake.

Jumamosi, 16 Machi
Mechi ya kriketi. Imogen anapiga mpira kwenye nafasi yangu, mimi nakata machungwa ya mapumziko. Alichukua kipande akaniambia, "Pole. Kanyamaze kivulini." Imeniuma hasa.

Mama kanikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Sawa, lakini Jumatatu kuna mtihani wa historia, na muda wenyewe hautoshi njia ndefu. Mfalme nimeshamtunga. Amebaki kutafutiwa vita.